Maegesho ya Ghorofa la Dada Yangu

Watu wanaoshuka kwenye treni ya umeme kutoka Dar es Salaam huliona kwanza ghorofa la dada yangu, ndipo waione milima. Lipo ng'ambo ya barabara ukitoka stesheni, limepakwa rangi ya maziwa, na kila nyumba ndani yake ina kibaraza chenye vyuma vyeusi. Siku moja nilimsikia abiria akimwambia mwenzake, "Kumbe Moro nako wamepiga hatua." Mimi nilikuwa napita na mafungu ya mchicha kwenye baiskeli. Nilitamani kumwambia kwamba mwenye ghorofa hilo ni mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na mpaka leo anafunga vibaya. Nyumba yangu ipo nyuma ya hilo ghorofa. Tangu walipomwaga zege la ghorofa ya tatu, nikitaka kuiona Milima ya Uluguru inabidi nitoke nje ya geti.

Nasema mapema, ili msomaji asipate taabu ya kunichunguza: namwonea wivu dada yangu. Tena si wivu wa kistaarabu, ule wa kusema hongera huku na wewe unajipanga. Ni kijicho chenyewe, kinachokaa kooni kama mwiba wa perege. Angekuwa mtu baki ningepata nafuu, maana mtu baki unaweza kusema kaiba, au kaenda kwa mganga, ukalala. Huyu ni mtoto wa mama yangu. Najua kila tofali lilikotoka, na najua kwamba mawe aliyojengea juu yake nilimwachia mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, huku nacheka.

Sisi ni watu wa milimani, upande wa Mgeta. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Wanawake ndio wenye ardhi, na sisi wanaume tunalima kwa heshima yao. Mama aliteremka mjini zamani na kununua kiwanja huku Kihonda, enzi ambazo ukisema unakaa Kihonda watu wanakuuliza kama huogopi fisi. Alipofariki, mjomba wetu alishuka kutoka mlimani kuja kutugawia. Kwa haki ya kwetu angeweza kumpa dada yangu kiwanja chote na mimi nikashukuru kwa kupewa chakula. Lakini mzee yule alinitazama akasema, "Wewe ndiye mkubwa. Chagua kwanza." Nilijiona nimepewa kiti cha mbele kanisani.

Nikachagua kama mtu wa milimani anavyochagua. Sikutazama barabara, sikutazama upana wa mbele, sikujiuliza mji unaelekea wapi. Nilichuchumaa, nikachimbua udongo kwa kidole, nikaufinya kiganjani, nikaunusa, nikaangalia ni magugu gani yameota hapo na yana rangi gani. Nusu ya nyuma, karibu na korongo, ilikuwa na udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Nusu ya mbele ilikuwa changarawe na mawe, ukipiga jembe linalia. Mjomba alinigonga bega akasema nimerithi macho ya bibi. Dada yangu alichukua mawe yake bila kunung'unika, akajenga vyumba vya kupangisha vyenye bati la mtumba, akatulia. Kwa miaka mingi nilimpelekea figiri na nyanya chungu kutoka kwenye matuta yangu. Nilimpelekea kwa huruma, na huruma ile ilikuwa tamu.

Kisha reli ikaja. Walipita kwanza vijana wenye fulana za kung'aa na vyombo vya miguu mitatu, wakapima, wakaondoka. Hatukuwatilia maanani. Miaka ikapita, tukaona udongo unaletwa kwa malori, tuta linapanda, nyaya zinavutwa, na stesheni inasimama pale tulipokuwa tunachunga mbuzi. Siku ya kwanza treni ilipopita nilikuwa namwagilia. Ilipita kimya mno kwa kitu kikubwa namna ile. Nikainua kichwa, nikamwona dada yangu amesimama kwenye mawe yake, mikono kiunoni, anaitazama stesheni. Ndipo nilipoelewa kwamba uwanja wake wa mbele unaitazama stesheni uso kwa uso, na wangu unalitazama korongo.

Aliingia ubia na mtu mwenye mtaji. Injinia alikuja, akachimba mashimo ya majaribio pande zote mbili, kwa sababu mwanzo walifikiria kujenga mpaka kwangu. Nilisubiri kwa hamu. Alirudi akasema mbele ni mwamba, hapo unaweza kupandisha ghorofa hata kesho. Kuhusu udongo wangu alisema unavimba masika na kupasuka kiangazi, nyumba nzito ikikaa juu yake itaota nyufa. Alisema kwa upole, kama daktari. Udongo uleule niliounusa na kuusifu, leo umekuwa ugonjwa.

Sasa, mimi nilikuwa na kitu kimoja ambacho dada yangu hana, nacho ni kwaya. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na kwaya ya kigango chetu nimeifundisha tangu kabla nywele hazijaanza kunitoka. Tulikuwa tunafanyia mazoezi uani kwangu kila Jumamosi alasiri, chini ya bati nililolitundika kando ya matuta. Tuna kinanda, ngoma mbili na kayamba, na mke wangu anaimba sauti ya pili. Dada yangu akiimba, bawaba ya mlango ina afadhali. Tangu utoto ameimba kwa kufungua mdomo bila kutoa sauti, na mimi tangu utoto nimelijua hilo na kulitunza moyoni kama akiba. Mtaani waliniita mwalimu kwa sababu ya ile kwaya, si kwa sababu ya shule. Nikaapa kwamba achukue stesheni, achukue barabara, achukue milima, lakini kwaya itabaki yangu.

Jengo kubwa halianzi mpaka majirani wasikilizwe, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano kwenye viti vya plastiki, uwanjani kwake. Alikuja binti mmoja wa mipango miji, mdogo kwa umri, na mchoro mkubwa alioubandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Chini ya ghorofa, upande wa stesheni, palichorwa maduka. Maegesho yalikuwa kidogo, pembeni, magari ya kuhesabu. Binti akaeleza kwamba anayepanga karibu na stesheni anapanga kwa ajili ya treni, hahitaji gari, na ukiweka maegesho makubwa unayaita magari yaje. Watu wakaguna. Hapa kwetu mtu anayemudu nyumba ya vibaraza bila gari, tunajiuliza ana kasoro gani.

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa shati langu la kanisani. Nikamwambia binti kwamba aje asubuhi aone mtaa huu. Watu wa mjini kati wanakuja na magari, wanayaacha popote, wanapanda treni kwenda Dar kufanya kazi, wanarudi jioni. Magari yao yanakaa kutwa mbele ya nyumba zetu. Nikasimulia habari ya Jumapili ya Matawi, jinsi bajaji ilivyokuja kubeba kinanda chetu na kukuta gari jeupe limeziba geti na njia, mwenyewe yupo Dar anakula kuku. Tulikibeba kinanda kichwani mpaka kanisani, tukafika waumini wameshaingia na matawi yao, na kinanda kina vumbi. Sasa ongezeni ghorofa zima la wapangaji, nikasema, na wageni wao, na gari la maji, na gari la taka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini mimi najua kilichonisimamisha kwenye kile kiti, na hakikuwa gari jeupe.

Watu walipoanza kupiga makofi nikanogewa, nikaingia kwenye kelele. Nikasema ghorofa lina pampu, lina jenereta, litakuwa na vijana wenye spika na sherehe za kuzaliwa kila wiki. Nikapendekeza uwekwe utaratibu wa mtaa: yeyote mwenye shughuli ya kelele, ya mashine au ya watu, apate kwanza ridhaa ya jirani anayepakana naye. Asipopata, asifanye. Nilipokuwa nasema nilikuwa nimeshamwona dada yangu kwa macho ya ndani, anabisha hodi mlangoni kwangu, anasema shikamoo kaka, anakunja mikono, anaomba awashe jenereta lake. Na mimi namwambia asubiri nimalize chai. Utaratibu ulipita kwa mikono mingi hewani.

Akasimama mtani wetu. Huyu ni bibi mmoja mwenye genge la ndizi na viazi pale kona. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Tukifiwa wanakuja kutuzikia na kututukana, na sisi hatuna ruhusa ya kununa. Akajifunga khanga vizuri, akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, huyu mtani wangu masikio yake hayana tabu. Kelele za kwaya yake zimeua kuku wangu wawili, na yeye hajasikia kitu. Tabu yake ni moja. Hilo ghorofa lingekuwa lake, angeweka disko juu ya bati."

Mkutano ulicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Ningekuwa na haki ya kukasirika na mtu yeyote pale isipokuwa yeye. Nikacheka na mimi, meno nje, nikamjibu kwamba kuku wake walikufa kwa kula ndizi zake. Walicheka tena, lakini jibu langu lilikuwa la kitoto, na la kwake lilikuwa limeshanifika. Niliketi, mashavu yakiuma kwa kucheka nisichokitaka.

Dada yangu muda wote alikuwa kimya. Nilimsubiri abishe. Nilikuwa na hoja nyingine nne mfukoni na nilitamani sana kuzitumia. Akanyanyuka taratibu, akasema, "Kaka amesema kweli kuhusu magari. Maduka nitayatoa. Chini yote iwe pakingi, hakuna gari litakalokaa mtaani kwa ajili yangu." Akaketi. Binti wa mipango miji akajaribu kusema maegesho makubwa namna hiyo hayatajaa, hakuna aliyemsikiliza. Yale maduka yaliyotazamana na stesheni ndiyo yangekuwa mnofu wa jengo, kila mtu alilijua hilo. Nimemkata mnofu, nikajiambia nikirudi nyumbani, na nilitembea kifua mbele. Ila kuna kitu kilinikera. Ukivutana kamba na mtu halafu akaiachia ghafla, unaanguka wewe.

Ujenzi ulianza. Ilikuwa mashine ya zege, nondo zinakatwa, mafundi wanaitana kutoka juu. Ile kelele niliifurahia, maana kila siku ilinipa la kulalamikia. Nilihesabu matone ya zege kwenye majani ya figiri zangu. Mke wangu alikuwa akinisikiliza huku akichambua mchele, halafu siku moja akasema, "Baba, wewe ukikosa hilo jengo utaumwa." Nilikwenda kumwagilia matuta ambayo nilikuwa nimeshayamwagilia.

Likaisha, na wapangaji wakaja. Walikuwa wauguzi, mhadhiri mmoja wa chuo, na vijana wengi wanaofanya kazi Dar ambao wameona bora walale kwenye hewa ya Morogoro na kwenda kazini kwa treni. Asubuhi walikuwa wanatoka na mabegi mgongoni, wanavuka barabara, wanapotea ndani ya stesheni. Hawakuwa na magari. Chini ya ghorofa, kwenye ule uwanja wote wa nguzo ambao nilimlazimisha auache wazi, palilala magari mawili matatu kwenye kona, na sakafu iliyobaki ilikuwa tupu, laini, imechorwa mistari myeupe kama uwanja wa mpira wa kikapu. Yule binti wa mipango miji alikuwa na haki, na sijamsamehe. Hata utupu wa dada yangu niliuonea gere. Mimi uani kwangu, kati ya matuta, banda la kuku na tangi la maji, wanakwaya walikuwa wanasimama wakikanyagana.

Na dada yangu hakuja kuomba. Nilimsubiri wiki hadi wiki. Pampu alikuwa ameichimbia chini upande wa barabara. Jenereta alilijengea chumba chenye kuta nene, likiwaka unasikia mguno tu, kama mtu anayeota. Wapangaji nao walikuwa wamechoka na safari, wakirudi wanakula na kulala. Hapakuwa na spika wala sherehe. Nilikuwa natoka uani na kusimama, nikitega sikio kama mtu anayevizia panya. Mtaa mzima ulikuwa umetulia. Kelele pekee iliyobaki ilikuwa yangu.

Katikati ya Kwaresima mwenyekiti alinijia, anakuna kisogo. Aliniuliza habari za nyumbani, habari za shamba, habari za kuku, nikajua ana jambo. Kuna mpangaji mmoja, muuguzi wa zamu ya usiku, ghorofa ya pili upande wa kwangu. Analala mchana. Jumamosi alasiri ngoma zinamtoa kitandani. Binti mwenyewe hana ugomvi, kauliza tu kwa heshima.

"Sasa mwalimu, kuna ule utaratibu wako," mwenyekiti akasema. "Uende tu kwa dada yako, akuambie sawa, yaishe. Ni neno la dakika moja."

Nilimwambia nimemsikia. Alipoondoka niliingia ndani nikaketi kitandani. Neno la dakika moja. Nimevuka mpaka ule mara ngapi nikiwa na kapu la mboga, mimi ndiye mpaji, na yeye anashukuru. Sasa nivuke nikiwa mikono mitupu, nimwombe mdogo wangu ruhusa ya kumwimbia Mungu kwenye kiwanja alichonunua mama yetu. Na Pasaka ilikuwa inakaribia, na wimbo mpya wa Utukufu, wa sauti nne, tulikuwa hatujaufikisha hata katikati. Nikakata kauli kwamba siendi.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia wanakwaya tuimbe pole pole. Watu wazima wale wakaimba Utukufu wa Ufufuko kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Ngoma zilipigwa kwa ncha za vidole. Sauti ya nne, ambao ni wanaume wanne na mmoja wao ana pumu, hawakusikika kabisa. Jumamosi nyingine tukaingia sebuleni na kufunga madirisha, nusu ya kwaya ikabaki koridoni na mmoja akaimbia jikoni. Jasho lilitutoka, na funguo za kinanda zikateleza. Mke wangu alifunga kitabu chake kabla sijamaliza.

"Baba, tutaaibika Pasaka," akasema mbele ya wote. "Nenda kwa wifi."

"Wifi yako anajua nilipo."

"Na wewe unajua alipo. Ni hatua chache tu."

Kwaya yote ilitazama sakafuni. Nikasema mazoezi yamekwisha kwa leo. Wiki ile nyumbani kwangu niliambiwa mambo ya lazima tu, kama chakula tayari na mlango umefungwa.

Jumamosi ikafika. Nilifagia ua, nikatandika mkeka, nikatoa kinanda, maana kwa ukaidi wangu niliona heri tuimbe kwa sauti yetu yote na yule mwenyekiti aje kutukamata. Mke wangu alikuwa ametoka mapema, nikadhani kaenda sokoni. Nilisubiri. Jua likahama kutoka kwenye bati, hakuja mtu, hata yule mwenye pumu ambaye huwahi kuliko wote. Nilikaa kwenye stuli yangu nikijifanya nasoma noti.

Ndipo nikasikia wanaanza. Sauti ya kwanza, kisha mke wangu na wenzake. Walikuwa wanaimba Utukufu wangu, na sauti ilikuwa inatoka chini ya ghorofa.

Nilivuka. Sikumbuki kama nilivaa viatu. Walikuwa wamesimama kati ya nguzo, kwenye nusu duara ambayo uani kwangu haikuwahi kuwezekana, kila sauti na nafasi yake, mistari myeupe chini ya miguu yao. Ngoma zilikuwa pale. Walikuwa wamezichukua kanisani. Hawakuwa na wa kuwaongoza, na mke wangu alikuwa anahesabu kwa kidole huku akiimba. Waliponiona wakakatika mmoja mmoja, kama watoto wa shule. Dada yangu alikuwa anapanga chupa za maji kwenye kiti. Akajifuta mikono, akapiga goti kidogo kama mama alivyotufundisha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Wifi alikuja kuniuliza. Nimemhamisha yule nesi upande wa stesheni, kuna nyumba ilikuwa wazi, na kafurahi kwa sababu anaona treni. Huku chini zege ni nene, juu hawasikii." Akatazama ule uwanja mtupu, akatazama magari yake matatu kwenye kona. "Nilikuwa na mpango wa maduka. Lakini wewe ulisema iwe pakingi. Nikaona basi, nafasi ipo, imbieni hapa."

Niliutafuta uso wake. Nilitafuta kejeli hata ya kusingizia, pembeni ya mdomo, kwenye nyusi. Nimemjua maisha yake yote, ningeiona. Haikuwepo. Angenicheka ningegeuka nikaenda zangu, na kwaya ingenifuata kwa aibu. Lakini alikuwa anasema na mimi kama mtu anayemkaribisha kaka yake kivulini. Nilitamani kumchukia na sikupata pa kushika.

Mke wangu akaniletea stuli. Mmoja wa waimbaji alikuwa ameshakimbilia uani kwangu, akarudi amekumbatia kinanda. Kwa hiyo nikasimama mbele yao, kwenye mstari mweupe wa gari lisilokuwepo, na nikawaongoza.

Nimeifundisha kwaya ile muda mrefu kuliko nilivyofundisha kitu kingine chochote, na nilikuwa sijawahi kuisikia. Uani, sauti zilikuwa zinatoka mdomoni na kuanguka kwenye mboga. Pale zilipanda, zikapiga zege, zikarudi zimeungana. Wale wanaume wanne wa sauti ya chini, ambao nimewakaripia miaka yote kwamba hawana pumzi, walinguruma mpaka nikasikia kwenye nyayo. Mke wangu alifika kwenye ile noti ya juu ya sauti ya pili, ambayo kila Jumamosi huikwepa, akaishika, na sauti yake ikakaa hewani baada ya yeye kufunga mdomo. Nilikuwa sijui kwamba ana sauti ile. Miaka yote ya ndoa, na imebidi nije kwa dada yangu kuisikia.

Treni ya jioni ilikuwa imeingia. Abiria walitoka stesheni na mabegi yao, wakavuka barabara, wakapunguza mwendo. Wengine walisimama kwenye lango la maegesho kabisa, wakaweka mizigo chini. Yule mtani wetu alikuwa ameacha genge lake, amejiegemeza ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Dada yangu alisimama kando ya nguzo, mkono juu ya zege, mdomo wake ukienda na maneno bila sauti, kama utotoni. Watu wapya walikuwa wanamtazama yeye na kumtikisia kichwa, kumpongeza, kwa sababu jengo ni lake na wimbo unatoka ndani yake.

Tulipomaliza, mwenye pumu alifuta macho akasema, "Mwalimu, kuanzia leo iwe hapa hapa." Wote walinitazama. Nikasema tutaona. Walianza kufungua maji na kucheka, maana walijua nimekubali, na mke wangu na dada yangu walikuwa wameshikana mikono wanasemezana jambo ambalo hawakuniita nilisikie.

Niliwaambia turudie mwisho mara moja, nikapiga kiganja juu ya kinanda wanyamaze. Wakanyamaza, abiria wakanyamaza, hata bajaji ya pale langoni ikazimwa. Nilisimama na mkono hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hata kimya, kwa dada yangu, kilikuwa kizuri kuliko kimya changu.